Kompyuta ya Mezani ya Daraja la Kati: Anza na Kioo (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza kwa nini kompyuta ya mezani, kwa bei ileile, huipita laptopu kwenye gemu. Leo tuingie katika swali ambalo wanunuzi wengi huondoka dukani bila kujibiwa: mashine ya daraja la kati, ile ya kufanyia kazi za chuo mchana na kuchezea mpira usiku, itaweza nini hasa, na itashindwa wapi?

Muuzaji ukimuuliza hivyo atakutajia prosesa. “Hii ni i7,” atasema, kana kwamba amemaliza. Hajamaliza. i7 ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013, inaachwa mbali na i5-12400 ya 2022. Tena haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, ilhali Windows 10 ilifikia ukomo wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini hata ukipata prosesa nzuri, bado hujajua mashine itafanya nini. Kwanza tazama kioo.

Kioo cha kawaida cha 1080p kina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi kidogo ya milioni 2. Cha 4K kina zaidi ya milioni 8. Kadi ya picha inapoendesha gemu hukokotoa rangi ya kila pikseli, ikamaliza fremu moja, ikaanza nyingine, na ili mwendo uonekane laini inatakiwa ifanye hivyo angalau mara 60 kwa sekunde. Kila fremu, basi, ina takriban milisekunde 16 tu. Anayeichomeka mashine ya kati kwenye televisheni ya 4K pale sebuleni ameiongezea pikseli mara nne. Gemu inaanza kukwamakwama, na lawama zote anabebeshwa fundi.

Tuchukue mfano mmoja: prosesa ya Ryzen 5 5600 yenye kori sita, RAM ya GB 16 katika vipande viwili, kadi ya GeForce RTX 4060 yenye kumbukumbu yake ya GB 8, na SSD ya NVMe ya TB 1. Kwenye kioo cha 1080p, mashine hii inacheza EA Sports FC bila kutoka jasho, na GTA V vilevile. Cyberpunk 2077, gemu nzito tangu ilipotoka mwaka 2020, itapita fremu 60 kwa mipangilio ya juu, mradi ray tracing imezimwa. Ukiwasha hiyo ray tracing, ambayo hufuatilia miale ya mwanga mmojammoja, fremu zinaporomoka na inabidi uitegemee DLSS: kadi inachora picha yenye pikseli pungufu, kisha akili mnemba inaikuza. Wako wanaouita huo ulaghai. Mimi siuoni hivyo, ila kwenye 1080p picha hupoteza ukali kidogo, kwa kuwa inakuzwa kutoka pikseli chache mno.

Penye udhaifu wa kweli ni hizo GB 8. The Last of Us Part I ilipoletwa kwenye kompyuta Machi 2023, wenye kadi za GB 8 walilazimika kushusha ubora wa picha, hata wale waliokuwa na kadi zenye nguvu. Ndiyo maana RTX 3060 ya GB 12, ingawa ni ya 2021 na ina kasi ndogo kuliko 4060, si ya kudharauliwa ukiikuta kwa bei nzuri.

Turudi kwenye kioo, maana huko ndiko fedha nyingi hupotea kimyakimya. Kioo cha hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde, hata kadi ikichora 150. Mtu ananunua cha hezi 144, halafu hafungui mipangilio ya Windows kubadilisha, na kioo kinaendelea na 60 mwaka mzima. Mwingine anachomeka waya wa HDMI kwenye bodi kuu badala ya kwenye kadi. Ryzen 5 5600 haina picha yake yenyewe, hivyo kioo kitabaki cheusi na kosa litajulikana papo hapo. i5-12400 inayo. Kioo kitawaka, kila kitu kitaonekana sawa, na mwenyewe atacheza miezi akiamini kadi yake ni mbovu.

Kazi za kila siku hazina maneno mengi. Word, Excel, masomo ya mtandaoni na kurasa nyingi za intaneti kwa mpigo hazitaishughulisha mashine hii. Anayehariri video za harusi ataifurahia kadi hiyo, kwani ina sehemu yake maalumu ya kukandamiza video.

Umeme nao huogopwa kupita kiasi. Kadi ya RTX 4060 imepangiwa wati 115. Ukijumlisha prosesa, feni na kioo, mashine yote ikicheza gemu huzunguka wati 250. Saa nne za kucheza ni kama uniti moja.

Kuna jambo moja ambalo hakuna kompyuta italitatua. Gemu za mtandaoni zenye seva Ulaya zitachelewa, kwa sababu mwanga ndani ya nyaya za fiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000, na waya haupiti njia iliyonyooka. Kwenda na kurudi hakutapungua milisekunde 70. Muuzaji akikuambia kadi kubwa zaidi itaondoa ucheleweshaji huo, badilisha duka.

Juma lijalo tutafungua pawa saplai, na kuona kwa nini kompyuta nyingi za ofisi zilizokwishatumika hazikubali kadi kubwa. Kwa anayenunua kabla ya hapo: taja kwanza ukubwa wa kioo chako na gemu unazocheza, na usilipe kabla muuzaji hajaendesha gemu nzito mbele yako kwa nusu saa, kwani mashine yenye tatizo la joto haijionyeshi katika dakika tano za mwanzo.