Mizinga ya Manowari Iliyovutwa kwa Kamba

Tarehe 11 Julai 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, ziliishambulia manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Mto Rufiji. Meli ilipoharibika vibaya, nahodha wake, Max Looff, aliamuru izamishwe isije ikatekwa. Lakini mizinga yake yote 10, ya milimita 105, iliopolewa majini, ikaburutwa hadi Dar es Salaam, na mafundi wa karakana ya reli wakaitengenezea magurudumu. Meli ikafa, mizinga ikahamia nchi kavu.

Kwa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki, hiyo ilikuwa neema. Jeshi lake liliingia vitani likiwa na kombania 14 zenye askari wasiofika 3,000, na mizinga michache ya kizamani iliyotoa wingu la moshi kila ilipofyatuliwa, hata adui akajua mara moja imesimama wapi. Sasa alipata mizinga ya kisasa inayofika mbali, pamoja na mabaharia waliojua kuitumia.

Ila mzinga wa manowari haukuundwa kutembea porini. Mtutu peke yake ulikuwa na uzito wa karibu tani moja na nusu. Huko Ulaya, kikosi kimoja cha mizinga cha Waingereza kilikuwa na mizinga sita, watu wapatao 200 na farasi zaidi ya 170. Kila mzinga ulivutwa na farasi sita. Afrika Mashariki mpango huo haukuwezekana. Ugonjwa ulioenezwa na mbung'o uliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. Pale reli ilipoishia, mzinga ulivutwa na watu: mamia ya wapagazi waliofungwa kamba, wakipandisha chuma hicho milimani na kukivusha mitoni wakati wa masika. Nyuma yao walifuata wengine waliobeba makombora, kila moja likikaribia kilo 17, na wengine tena waliobeba chakula cha wote hao.

Kwa hiyo ukiuliza kikosi cha mizinga cha vita vile kilikuwa na watu gani, jibu la haki linaanza na wapagazi. Afisa aliyepima shabaha na baharia aliyefyatua walikuwa wachache mno mbele ya umati uliofanya mzinga ufike ulipotakiwa.

Upande wa pili hali ilikuwa hiyohiyo. Vikosi vya Uingereza kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, vilikuwa na mizinga midogo ya milimani iliyofunguliwa vipande vipande na kubebwa vichwani. Waingereza nao walifufua mizinga ya meli yao Pegasus, iliyozamishwa na Königsberg bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, wakaiwekea magurudumu. Meli mbili zilizopigana baharini zikaendelea kupigana bara, mamia ya kilomita kutoka pwani.

Mizinga ya Königsberg ilitawanywa. Mmoja ulifungwa kwenye meli Goetzen katika Ziwa Tanganyika, ile iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mwingine ulilipuliwa na Wajerumani huko Kahe, Machi 1916, walipolazimika kurudi nyuma. Mei mwaka huohuo mizinga mingine ilinguruma Kondoa Irangi. Mmoja baada ya mwingine ilitekwa au kuvunjwa, na Lettow-Vorbeck alipovuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji, tarehe 25 Novemba 1917, hakuwa na hata mmoja.

Mitatu ipo hadi leo: Pretoria, Jinja na Mombasa. Ule wa Mombasa uko Fort Jesus, pamoja na mzinga wa Pegasus.

Wapagazi hawakuhifadhiwa hivyo. Hesabu rasmi za Waingereza zinataja vifo vya wapagazi wapatao 95,000 upande wao peke yake, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na majina mengi hayakuandikwa popote. Kama katika ukoo wako kuna babu aliyechukuliwa kubeba au kuvuta mizinga, waulize wazee wangali hai: jina lake, kijiji alichotoka, na kama alirudi. Kisha yaandike.