Laptopu Ikiganda Baada ya Kuwekwa Linux: Usikimbilie Kununua Nyingine

Wazazi wengi wa Pwani wana watoto wanaosoma bara. Kuna walio Chuo Kikuu cha Embu, walio Chuka, na walio Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru. Mtoto akiwa mbali hivyo, laptopu ndiyo daftari lake, maktaba yake na mtihani wake. Ikiharibika, habari hufika nyumbani kwa simu moja, na mara nyingi simu hiyo huja na bei: bodi imekufa, atumiwe pesa anunue nyingine.

Makala haya ni ya mzazi huyo na ya mwanafunzi mwenyewe. Neno letu ni hili: laptopu iliyokuwa nzima jana, ikaanza kuganda leo baada ya kuwekwa Linux, mara nyingi haijafa. Kuna vipimo vichache vya kufanya bila kutoa hata shilingi kabla ya kumkubalia mtu kwamba bodi imekwisha.

Kwanza, kwa nini wanafunzi wengi wanahamia Linux? Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache. Laptopu nyingi za mitumba tunazowanunulia watoto ni za zamani kuliko hapo. Linux ni bure, ni nyepesi, na anayesomea kompyuta ataihitaji hata kwa masomo yenyewe. Kwa hiyo kijana hupakua Ubuntu au Linux Mint, huiweka kwa flashi, na kazi huisha salama. Akiwasha mara ya pili, skrini inaganda.

Imeganda yote au picha tu?

Hili ndilo swali la kwanza. Bonyeza kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, mfumo uko hai na kilichokwama ni picha. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukipata skrini nyeusi yenye maandishi inayokuomba jina na nenosiri, ingia, kisha andika sudo reboot uiwashe upya kwa amani.

Kama hakuna kinachoitika, usishikilie kitufe cha kuzimia moja kwa moja, kwa sababu faili zinaweza kuharibika. Shikilia Alt na Print Screen, kisha bonyeza S, halafu U, halafu B, ukitulia sekunde chache kati ya moja na nyingine. S huandika kazi yako kwenye diski, U huifunga diski isiguswe tena, na B huwasha mashine upya. Kwenye baadhi ya laptopu utahitaji kushikilia Fn pia.

Inaganda kabla hujaingia

Ikiganda kwenye nembo, au pale pa kuandika nenosiri, mshukiwa mkuu ni draiva ya picha, yaani ile programu inayouwezesha mfumo kusemezana na chipu ya skrini. Chipu za Intel na AMD kwa kawaida huja na draiva zake ndani ya Linux. NVIDIA ndiyo yenye taabu zaidi. Draiva ya huria inayoitwa nouveau ilitengenezwa na watu wa kujitolea bila msaada mkubwa wa kampuni yenyewe, na kuna kadi inazoshindwa nazo.

Kipimo chake ni rahisi. Washa laptopu huku ukigusagusa Esc, au ukishikilia Shift kwenye mashine za zamani, mpaka itokee orodha ya GRUB. Simama kwenye mstari wa kwanza, bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, na mwishoni mwake acha nafasi uandike nomodeset. Kisha bonyeza F10. Ikiwaka bila kuganda, bodi yako haijafa na mkosaji umempata.

Lakini nomodeset si dawa. Inakuingiza ndani tu, na picha itakuwa kubwakubwa na nzito. Dawa ni kuweka draiva ya NVIDIA: kwenye Ubuntu andika sudo ubuntu-drivers install, na kwenye Mint fungua Driver Manager. Draiva hiyo ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo tumia Wi-Fi ya chuo usimalize bando. Kama Secure Boot imewashwa, utaombwa kutunga nenosiri, na ukiwasha tena utaletewa skrini ya buluu. Chagua Enroll MOK na uandike nenosiri lile lile. Wengi huipita skrini hiyo, draiva isifanye kazi, wakadhani mashine ndiyo mbovu.

Inaganda baada ya muda

Ikiwa inaanza kwa uzito, kishale kinarukaruka, taa ya diski haizimi, ndipo inaganda, basi RAM imejaa. Andika free -h uone kilichobaki. Gigabaiti 4 pamoja na kurasa ishirini za Chrome haziendi pamoja. Weka Linux yenye sura nyepesi ya Xfce, kama Xubuntu au Mint Xfce, au ongeza RAM.

Ikiganda ghafla bila dalili, jaribu RAM yenyewe kwa Memtest86+ na uiache usiku kucha. Mstari mmoja mwekundu unatosha kuwa ushahidi. Laptopu iliyokaa miaka Pwani huenda imeingiwa na hewa ya chumvi kwenye meno ya RAM. Izime, toa betri, chomoa RAM, isugue meno taratibu kwa ufutio wa penseli, irudishe, kisha upime tena. Vumbi kwenye feni nalo husababisha joto, na joto hugandisha.

Laptopu ndogo zenye Celeron za mfululizo wa N2800 zina kasoro yao inayojulikana: huganda zinapojaribu kujipumzisha. Kwa hizo, andika intel_idle.max_cstate=1 pale pale ulipoandika nomodeset.

Inaganda ukifungua faili

Hapa ogopa diski. Fungua programu ya Disks usome taarifa ya SMART, au weka smartmontools na uandike sudo smartctl -a /dev/sda. Tazama Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba ya mwisho kwenye mstari ikiwa si sifuri, na hasa ikiwa inapanda siku hadi siku, diski inakufa. Nakili kazi yako kwanza, mengine baadaye. Diski hununuliwa, mradi wa mwaka mzima haununuliwi. Hata hivyo, kubadilisha diski si kubadilisha laptopu.

Linux huweka kumbukumbu

Mashine yenyewe hueleza ilichokiona. Ikishawaka tena, andika journalctl -b -1 -p err, usome makosa ya safari iliyopita. Ukiona nouveau au i915, ni picha. Out of memory ni RAM iliyojaa. I/O error ni diski au waya wake. Ukikuta kimya kabisa, rudi kwenye RAM na joto. Piga picha maandishi hayo kwa simu kabla ya kwenda kwa fundi, awe wa Meru mjini, wa Embu au wa Mwembe Tayari.

Mzazi, wewe huhitaji kujua amri hizi. Kabla ya kutuma pesa uliza mambo matatu tu. Inaganda wakati gani: kabla ya kuingia, baada ya muda, au kwenye kufungua faili? Umejaribu nomodeset, Memtest na SMART, na vimesema nini? Kazi yako umeshainakili mahali pengine? Fundi anayejua kazi yake atayajibu bila kukasirika, na akisema bodi imekufa atakuonyesha alivyoijua. Asiyepima chochote akakupa bei, mwambie mtoto achukue laptopu yake na aende kwa mwingine.