Tiba ya Mionzi: Mgonjwa Aelezwe

Wengi husema mgonjwa wa saratani “anachomwa” mionzi. Neno hilo hutisha. Kwa kweli, mionzi ya mashine haiumi inapopigwa. Huharibu seli za saratani zisiendelee kugawanyika. Kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Kwa anayetoka mkoani kutibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, huo ni muda mrefu mbali na nyumbani. Asipoelezwa sababu, huweza kukata tamaa na kuondoka kabla ya kumaliza, na saratani ikapata nafasi ya kukua tena.

Basi tunapowatembelea wagonjwa, tuwasikilize kwanza, ndipo tusali nao. Tuwaulize wameelewa nini, tuwatie moyo wamwulize daktari. Tena tuwakumbatie bila hofu: mionzi ya mashine haibaki mwilini.