MITI YA WASHINDI: SHULE INAJENGAJE SIFA YA MICHEZO?



Katika ziara zetu za vijijini tulifika kwenye shule moja ya msingi. Tukauliza uwanja wa michezo uko wapi. Tukaonyeshwa shamba la mahindi. Magoli mawili yalikuwa bado yamesimama katikati ya mahindi hayo. Mzee mmoja wa kamati ya shule akatuambia, "Sasa jamani, watoto wamekuja kusoma au kucheza?"

Swali la mzee huyo si la kudharau. Mzazi anatoa jasho lake ili mtoto apate elimu. Basi leo tutalijibu kwa kueleza habari za shule moja ya jirani zetu wa Kenya.

SHULE YA ITEN

Shule hiyo inaitwa St. Patrick's. Ni shule ya sekondari ya bweni, ya wavulana. Iko katika mji mdogo wa Iten, magharibi mwa Kenya, ukingoni mwa Bonde la Kerio. Iten iko juu sana, kama mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Shule hiyo ilianzishwa katika miaka ya 1960 na mabruda wa Kikatoliki kutoka Ireland.

Ireland ni nchi ya Ulaya. Hatusemi Ulaya yetu hii ya Kilosa, tunasema ile ya ng'ambo. Kule shule nyingi hujivunia mchezo wao wa jadi uitwao hurling. Wachezaji 15 kila upande hupiga mpira mdogo kwa magongo ya mbao. Katika mji wa Kilkenny kuna shule iitwayo St. Kieran's. Shule hiyo imetwaa kombe la shule za nchi nzima mara nyingi kuliko shule nyingine yoyote. Baba alicheza, mtoto anacheza, na mjukuu naye anashika gongo.

Mtu angedhani kwamba sifa ya Iten nayo ilitokana na magongo. Sivyo. Ilitokana na kitu kilichokuwapo palepale, yaani vijana wanaoweza kukimbia.

MWALIMU ALIYEJIFUNZA KWA WANAFUNZI

Mwaka 1976 alifika mwalimu kijana aitwaye Bruda Colm O'Connell. Kazi yake ilikuwa kufundisha jiografia. Alikuja kwa muda mfupi tu, lakini akakaa miaka na miaka. Habari za riadha hakuzijua sana. Aliyekuwa akiwafundisha wakimbiaji wakati huo ni Mwingereza, Peter Foster. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia Bruda Colm.

Je, alifanyaje? Aliwatazama vijana wanavyokimbia. Aliwauliza maswali, akasikiliza majibu yao. Kidogo kidogo akajua lipi linafaa na lipi linamchosha kijana bure. Hakuwalazimisha kukimbia kwa nguvu zote kila siku. Aliwafundisha kwanza kukimbia vizuri: mwili wima, mabega yamelegea, hatua nyepesi. Wenzetu wa mashambani mtaelewa jambo hili. Jembe halitaki hasira, linataka mkono unaojua.

MATUNDA YAKE

Ibrahim Hussein, aliyesoma shule hiyo, alishinda marathoni ya New York mwaka 1987, na ya Boston mwaka 1988. Marathoni ni mbio ndefu za zaidi ya kilomita 42. Mwaka huohuo wa 1988 Peter Rono alipata medali ya dhahabu ya mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul. Mwaka 1992 huko Barcelona, Matthew Birir alipata dhahabu ya mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Wilson Kipketer naye, aliyeiwakilisha nchi ya Denmark, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu.

Wasichana je? Nao hawakuachwa. Bruda Colm aliwafundisha wasichana wa eneo hilo pia. Mmoja wao, Susan Sirma, alipata medali ya shaba ya mita 3,000 katika Mashindano ya Dunia ya Tokyo mwaka 1991. Na David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London mwaka 2012, kocha wake alikuwa huyohuyo Bruda Colm. Alitumia dakika 1 na sekunde 40.91.

Ukiingia katika shule ya St. Patrick's utaona miti iliyopandwa kwa heshima ya washindi. Kila mti una kibao chenye jina. Mtoto mgeni wa kidato cha kwanza anapita chini ya miti hiyo akienda darasani. Anasoma majina. Anajua kwamba aliyeshinda dunia alilala katika bweni kama lake, akala ugali kama wake. Hiyo ndiyo maana ya desturi ya shule. Kombe moja ni bahati, lakini desturi ni kazi ya kila mwaka.

NA SISI JE?

Wengine watasema, "Wale wako mlimani, sisi tuko bondeni." Ni kweli, hewa ya mlimani ni nyepesi, nayo humjenga mkimbiaji wa mbio ndefu. Lakini milima iko mingi duniani, na Iten ni moja. Tena si lazima sisi tushindane kwa marathoni. Tuna mpira wa miguu, tuna netiboli, tuna mbio fupi na kuruka. Tuchague tunachokiweza, kisha tusikiache.

Watanzania tunaweza. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, akitumia dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni, akawa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha.

Njia ya mtoto wetu ipo. Shule za msingi zina UMITASHUMTA, na sekondari zina UMISSETA. Mtoto huanzia shuleni, akapanda hadi kata, wilaya, mkoa, na taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hii ilisimamishwa kwa kipindi, ndipo ikarudishwa. Watoto wa miaka ile walikosa ngazi ya kupandia. Anayelima uwanja wa shule anaikata ngazi hiyohiyo, kwa jembe lake mwenyewe.

Sasa tumjibu yule mzee. Mzee wetu, watoto wamekuja kusoma. Lakini kijana wa Iten alikimbia asubuhi, akaoga, akaingia darasani. Michezo ilimfunza kuamka mapema, kushika saa, kushindwa bila kununa, na kumheshimu mwenzake. Hayo nayo ni masomo. Mahindi ya uwanja ule ni magunia machache. Yanaweza kulimwa mahali pengine. Uwanja hauhamishiki.

TUJADILIANE

1. Uwanja wa shule ya kijiji chetu uko katika hali gani? Nani wa kuufyeka, na siku gani?

2. Ni mchezo upi watoto wetu wanauweza kuliko mingine?

3. Je, wasichana wanapewa nafasi ya mazoezi, au wakitoka shule wanakwenda moja kwa moja kuteka maji?

4. Ni nani wa kijiji hiki anayestahili kupandiwa mti wa kwanza?

Lipelekeni swali la kwanza kwenye mkutano wa kijiji kabla mvua hazijaanza, maana zikishaanza, majembe yatakuwa tayari uwanjani.