Cruise ya Halloween na Watoi: Jua Kile Kiko Ndani ya Meli Kabla Utoe Chapaa

Ukisikia neno Halloween, najua picha inakujia kwa akili. Wasee wa Westlands wamejipaka damu ya rangi, mmoja amevaa kama sista wa kanisa, mwingine ni maiti, na asubuhi kila mtu amewaanika mtandaoni. Sasa ambiwa kuna meli nzima baharini inafanya Halloween, na abiria ni watoto wa miaka minne, wazazi wao na shosho zao. Lazima ujiulize hiyo hesabu inatoka aje.

Wacha nikuchanue. Disney, ile kampuni ya Mickey Mouse, iko na meli zake za kitalii. Kila mwaka, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Oktoba, safari zake nyingi hugeuzwa kuwa za Halloween. Wao huziita Halloween on the High Seas. Nyingi hutoka Port Canaveral kule Florida, kama saa moja kwa gari kutoka Orlando. Zinazunguka Bahamas na visiwa vya Karibi kwa siku tatu, nne, hadi wiki nzima, kisha zinarudi palepale zilipotoka. Kampuni zingine kama Royal Caribbean na Carnival pia hufanya mambo ya Halloween kwa safari za karibu na Oktoba 31, lakini hawa wa Disney ndio wameifanya msimu mzima.

Kama una ndugu Marekani, kuna siku hii form itaingia kwa group ya familia. Hizi hapa rada zote.

Ukipanda, utaona nini?

Kwanza elewa hivi: hii ni cruise ya kawaida iliyovalishwa Halloween. Mabwawa ya kuogelea ni yale yale, msosi ni ule ule, ufuo ni ule ule. Asubuhi mko Bahamas mnaota jua na hakuna mzimu hata mmoja. Halloween inaamka jioni.

Ukiingia tu, kwenye ukumbi mkubwa wa katikati kuna mti wa malenge. Ni mti wa kutengenezwa, umekunjamana kama wa hadithi, na safari ikisonga unabadilika, malenge yaliyochongwa nyuso yanaanza kuwaka. Watoto hukusanyika hapo kusikia stori yake.

Halafu kuna pati yenyewe, Mickey's Mouse-querade Party. Mickey, Minnie na mbogi yao wanatokea wakiwa wamepiga luku za Halloween, muziki unachezwa, na watoto wanazunguka wakikusanya peremende. Ile desturi ya Wamarekani ya kugonga mlango wa jirani kuomba tamutamu, hapa inafanyika ndani ya meli, kwa hivyo huna stress ya mtoto kupotea mtaani usiku.

Kuna usiku wa filamu ya The Nightmare Before Christmas, ile ya mwaka wa 1993. Watu huimba na kupiga kelele pamoja na filamu, na baadaye mnaweza kupiga picha na Jack Skellington na mpenzi wake Sally. Kuna pia hadithi za bahari zinazosimuliwa usiku juu ya meli, kutengeneza vinyago vya uso, na keki za rangi za ajabu ajabu. Watu wazima wa miaka 18 kwenda juu wako na pati yao ya mavazi huko kwa klabu, watoi wakishalala.

Mtoto wako ataogopa?

Hili ndilo swali la maana. Jibu fupi: kuna kuogopa kidogo, lakini hakuna vituko vya watu wazima. Hakuna mtu atakurukia na panga kutoka gizani. Hakuna matumbo ya kuchorwa yakining'inia kwa ukuta.

Lakini usidanganyike ati hakuna kitu kabisa. Jack Skellington ni mifupa mirefu iliyovaa suti. Wewe unaona mwigizaji, mtoto wa miaka mitatu anaona mifupa inamsalimia. Kwa ile filamu kuna Oogie Boogie, jitu la gunia lililojaa wadudu, na kuna mahali Baba Krismasi anatekwa nyara. Mtoto anayelala na taa ikiwaka anaweza kukusumbua usiku wote hapo.

Cha kufanya ni hivi. Kabla ya safari, muonyeshe picha za Jack na za Mickey akiwa kwa luku ya Halloween, azizoee. Mpeleke kwa ule mti mchana kabla umuone usiku. Kwa filamu, kaeni viti vya karibu na mlango. Akianza kulia mnahepa, meli ni kubwa na kuna mahali pengine pa kujibamba. Hakuna shughuli hata moja ya Halloween ambayo ni ya lazima. Cha lazima ni zoezi la usalama la siku ya kwanza, lile la kuonyeshwa mahali pa kukutana meli ikipata shida. Hilo kila abiria anahudhuria, mpaka wewe mjuaji.

Luku: beba nini, acha nini

Luku si lazima, lakini usipobeba mtoto wako atakuwa peke yake na fulana ya shule kwa pati ya mashujaa na malkia. Huna haja ya kununua ya bei. Nenda kwa fundi wako wa mtaa, au Gikomba na Toi, utoe kitu cha maana. Kumbuka tu huko ni joto. Ile nguo nzito ya dubu yenye manyoya itamchosha mtoto kabla nusu saa iishe.

Acha nyumbani bunduki za plastiki na chochote kinachofanana na silaha. Mizigo inakaguliwa kama ya uwanja wa ndege. Mishumaa pia hairuhusiwi, kwa sababu moto ndani ya meli si mchezo.

Mambo mawili ambayo wengi hawaambiwi. Moja, safari nyingi za Bahamas na Karibi huwa na usiku wa maharamia pia, kwa hivyo watoto watataka luku mbili. Kitambaa cha kichwa na shati la mistari vinatosha. Mbili, familia hupamba milango ya vyumba vyao, na milango ni ya chuma, so mapambo ni ya sumaku. Usibandike na gundi.

Na kanisa je?

Najua kuna mathe anasoma hii akiomba. Hiyo hoja tuiguse bila kucheka mtu.

Jina Halloween lilitoka kwa Wakristo wenyewe. Ni mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote, ile Wakatoliki huadhimisha Novemba 1. Desturi nyingi nazo zilitoka Ireland na Scotland, ambako kulikuwa na sherehe ya zamani ya Samhain, ya kumaliza mavuno na kuingia msimu wa baridi. Watu waliamini usiku huo mizimu iko karibu. Kule walichonga nyuso kwa mboga za mizizi. Walipohamia Marekani wakakuta malenge, makubwa na rahisi kuchonga, na hapo ndipo yakashika.

Kwa meli hakuna ibada wala mambo ya kuita mizimu. Kuna ngoma, peremende na Mickey. Lakini wachawi na mifupa ya mapambo vipo kila kona, na kama dhamiri yako haikubali, hutapata kona isiyo navyo. Mzazi akikataa, si ushamba. Kuna njia nyingine nitakuonyesha hapo chini.

Chapaa: kilicho ndani na kilicho nje

Hapa ndipo watu hushtuka kuliko kwa mifupa. Cruise za Disney kwa kawaida ni ghali kuliko za wenzao, kwa hivyo jua unalipia nini.

Ndani ya tiketi: chumba, chakula cha migahawa ya kawaida, soda, maonyesho ya jukwaani, mabwawa, klabu za watoto, na shughuli zote za Halloween. Kila jioni mnahamia mgahawa mwingine na waitaa wenu wanahama na nyinyi, mpaka siku ya mwisho anajua mtoto wako hali pilipili.

Nje ya tiketi: pombe, wifi, spa, ziara za nchi kavu, picha za wapiga picha wa meli, na migahawa maalum ya watu wazima kama Palo. Kuna pia bakshishi ya wafanyakazi, ambayo huhesabiwa kwa kila kichwa kwa kila usiku. Familia ya watu watano ikilala siku saba, hiyo si hela ya soda. Watoto wachanga, kuanzia miezi sita hadi chini ya miaka mitatu, wana chumba chao cha kulelewa, lakini unalipa kwa saa.

Ndani ya meli hutumii pesa taslimu. Kadi ya chumba chako ndiyo inalipa kila kitu, na ndio maana wengi hujikuta ngori asubuhi ya kuondoka. Cheki bili yako kila jioni. Na kuhusu wifi, app ya meli hukuwezesha kutumiana ujumbe na familia mkiwa ndani bila kulipa, so weka simu yako airplane mode upumzike.

Kitu kingine kidogo: mtoto ambaye bado anavaa nepi haruhusiwi kwa bwawa kubwa, hata akivaa nepi ya kuogelea. Kuna sehemu yao ya kurushiwa maji. Mwambie mapema.

Makaratasi

Kama unatoka Kenya na pasipoti ya Kenya, unahitaji viza ya Marekani. Ada ya kuomba ile ya utalii ni dola 185 kwa kila mtu, pamoja na watoto, na ukinyimwa hairudi.

Sasa sikiza hapa vizuri. Meli ikitoka Florida kwenda Bahamas, umetoka Marekani. Ikirudi, unaingia upya. Kwa hivyo viza yako lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Angalia pale kwa stika palipoandikwa Entries. Ukiona M, uko fiti. Ukiona 1, usipande hiyo meli. Angalia pia masharti ya kila nchi ambayo meli itasimama.

Ndugu yako akiwa raia wa Marekani, kwa safari ya kutoka na kurudi bandari ile ile anaweza kutumia cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Hiyo sheria ni yake, si yako, usije ukamwamini akikuambia "hawasumbui." Na kama unaenda na mtoto ambaye si wako, beba idhini ya maandishi ya wazazi wake.

Dhoruba

Msimu wa vimbunga Atlantiki huanza Juni 1 hadi Novemba 30, na Septemba ndiyo kilele. Hii haimaanishi mtazama. Meli hufuatilia hali ya hewa na kukwepa. Inamaanisha unaweza kulipia Bahamas ukapelekwa kwingine, au mkose kisiwa mkae baharini siku nzima. Kampuni ina haki ya kubadilisha njia. Usimuahidi mtoto kisiwa, muahidi meli. Na ukikata bima ya safari, fanya hivyo mapema kabla kimbunga hakijapewa jina.

Kama tumbo lako ni la kuchafuka, omba chumba cha katikati ya meli na cha chini. Hapo haiyumbi sana.

Kalenda ya shule, ambayo hakuna mtu hutaja

Septemba na Oktoba hapa Kenya ni muhula wa tatu. Karibu msimu mzima wa Halloween uko ndani ya masomo. Na kama mtoto yuko Grade 6 au Grade 9, mwisho wa Oktoba ni KPSEA na KJSEA. Huyo usimguse.

Ndio maana nilisema kuna njia nyingine. Meli hizo hizo, Halloween ikiisha, huvua malenge na kuvaa Krismasi. Safari za Very Merrytime huwa Novemba na Desemba, watoto wetu wakiwa nyumbani. Hakuna mifupa, msimu wa vimbunga unaisha Novemba, na mathe hatakuwa na swali. Ila ukikaribia sikukuu yenyewe bei hupanda, kwa hivyo lenga mwanzo wa Desemba.

Kama watoto wako bado ni wa chekechea, au mnaishi huko huko majuu, basi ya Halloween ni poa sana. Wakati huo shule za Marekani pia zimefunguliwa, na mara nyingi bei huwa chini ya ile ya likizo ya Julai.

Kwa hivyo ile form ikiingia kwa group, usijibu na emoji ya moto kwanza. Uliza vitu vitatu: meli inasimama wapi, bakshishi iko ndani ya hiyo bei ama nje, na tarehe ni gani. Halafu toa pasipoti yako kwa droo uangalie hiyo M.