Shirati Jazz na Mlio wa Nyatiti

Msomaji, sisi wa pwani tuliokulia kwenye udi na ganuni, benga hutushtua mwanzoni. Nilipofika Migori, kisha Homa Bay, ndipo nilipotambua asili yake: gitaa hudonolewa kama nyatiti, kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane.

Aliyeivumisha mno ni marehemu Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 huko Shirati, ng'ambo tu ya mpaka, Tanganyika. Bendi yake, Shirati Jazz, iliyoanza miaka ya 1960, ilitia kasi. Besi ikajibizana na gitaa, naye akaimba historia na siasa.

Misiani alifariki ajalini Kisumu mwaka 2006. Siku hizi kinanda cha umeme kimeingia. Si vibaya, lakini nyuzi zikinyamaza, nani atasimulia?