Ulimi Ukiwa Mwamuzi: Sayansi ya Pilipili Katika Mashindano ya Nyumbani

Mwezi wa Julai, baridi inapoishika Njombe hata umande ukaganda juu ya majani, hakuna apendaye kukaa mbali na moto. Jumamosi moja katika majira hayo tuliwaalika ndugu na majirani waje nyumbani kushindana kupika maharage ya pilipili. Masharti yalikuwa machache: maharage ya aina moja, kila mpishi na sufuria yake, na pilipili kwa kadiri apendavyo. Walijitokeza wapishi wanne. Mmoja wao alikuwa mwalimu mwenzangu wa Makambako, aliyesafiri kilometa zipatazo 60 akiwa na pilipili kichaa zake ndani ya karatasi.

Mashindano yale yaliharibika. Nitaeleza jinsi yalivyoharibika, ndugu msomaji, kwani ndani ya kosa hilo mna sayansi nyingi kuliko iliyomo katika ushindi.

Tuanze na maharage. Shemeji yetu kutoka Dar es Salaam alikadiria muda wa kupika kama alivyozoea pwani, na wakati wa kuonja ulipofika maharage yake yalikuwa bado magumu. Hakukosea upishi. Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa iliyo juu yake, na kadiri tunavyopanda milima ndivyo kanieneo hiyo inavyopungua. Katika usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi. Mjini Njombe, karibu mita 1,900 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi zipatazo 94. Ukiongeza kuni, maji hukauka upesi tu. Hayapati joto zaidi. Wala jambo hili si la ladha peke yake. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana protini iitwayo lektini, ambayo humfanya mlaji atapike na kuharisha. Kuchemka barabara huiharibu, lakini joto dogo la kupashapasha haliwezi. Kwa hiyo huku kwetu hapana budi kuyaloweka maharage usiku kucha, kuyamwaga maji hayo, kisha kuyachemsha mpaka yalainike kabisa.

Sufuria ya shemeji ikarudishwa motoni. Waamuzi wanne wakaonja sufuria ya kwanza, iliyokuwa na pilipili kidogo, halafu ya pili, iliyowatoa machozi. Kwa huruma tukawapumzisha kwa chai, robo saa hivi. Baada ya chai ikaletwa sufuria ya mwalimu wa Makambako. Wakaonja, wakatazamana, wakasema kwa kauli moja: haina pilipili! Mwenzangu alikuwa ametia pilipili nyingi kuliko wote, nami nilimwona kwa macho yangu. Aliona amefanyiwa mzaha mbele ya watu. Akafunga sufuria yake, akaondoka bila kuaga, na kwa muda wa majuma mawili hatukusemezana.

Waamuzi hawakumwonea kwa makusudi. Ukali wa pilipili si ladha kama utamu au uchungu, ni maumivu. Unatokana na kemikali iitwayo kapsaisini, ambayo hupatikana zaidi katika nyama nyeupe ya ndani inayoshika mbegu, wala si katika mbegu zenyewe kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1997 David Julius na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waligundua protini iliyo katika ncha za neva ambayo hufunguka inapoguswa na joto linalozidi nyuzi 43 hivi. Kapsaisini huifungua protini hiyohiyo hata kama chakula kimepoa. Kwa hiyo ubongo hupokea habari kwamba mdomo unaungua, ingawa hakuna moto. Ugunduzi huo ulichangia Julius kupewa Nishani ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian.

Sasa lije jambo lililotuponza. Mtu akionja pilipili mfululizo bila kupumzika, ukali hujijenga, na kila kijiko huonekana kikali kuliko kilichotangulia. Lakini akipumzika dakika kadhaa, neva zilizochoshwa huwa zimekufa ganzi kwa muda, na pilipili inayofuata huonekana hafifu. Chai yetu ya huruma ndiyo iliyomhukumu mwalimu wa Makambako.

Tatizo hili lina historia. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alibuni njia ya kupima pilipili kwa kuichanganya na maji ya sukari, akizidi kuizimua mpaka waonjaji wengi wasiusikie tena ukali. Kwa vizio vyake pilipili hoho ni sifuri, pilipili kichaa hufika 50,000 hadi 100,000, na pilipili mbuzi huweza kuzidi 300,000. Lakini chombo chake kilikuwa ulimi, na ulimi si kipimajoto: huo hubadilika kwa kutumiwa. Mwaka 1967, huko Terlingua, Texas, watu wawili walishindana kupika mchuzi wa nyama na pilipili mbele ya waamuzi watatu. Wawili waligawanyika, wa tatu akadai ulimi wake umepooza, na siku hiyo hakupatikana mshindi.

Nilimwendea mwenzangu Makambako, nikamwomba radhi, nikamweleza hayo. Akakubali turudie, kwa sharti kwamba safari hii waamuzi nao wapimwe. Shemeji alikuwa amekwisha kurudi Dar es Salaam, hivyo wapishi walikuwa watatu. Lakini tuliandaa bakuli nne zenye namba tu, bila majina, na sufuria moja tukaipakua mara mbili kwa siri. Kila mwamuzi alipewa mpangilio wake: wa kwanza 1, 2, 4, 3; wa pili 2, 3, 1, 4; wa tatu 3, 4, 2, 1; wa nne 4, 1, 3, 2. Mwanafunzi apendaye hesabu ahakikishe: kila bakuli hushika kila nafasi mara moja, na kila bakuli hutanguliwa na kila nyingine mara moja. Katikati walikunywa mtindi, kwa sababu kapsaisini huyeyuka katika mafuta wala si katika maji, na protini za maziwa huinasa. (Aliyekatakata pilipili naye aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho, mmoja wetu alisahau.)

Bakuli namba 1 na namba 4 zilitoka katika sufuria moja, ya mwalimu wa Makambako. Alama za waamuzi wote zilipojumlishwa, bakuli hizo zilishika nafasi ya kwanza na ya pili, zikipishana kidogo tu. Hata hivyo mwamuzi mmoja, mzee anayekula pilipili kila siku, aliipa moja alama za juu kabisa na nyingine alama za chini kabisa. Tulipofunua siri alikataa katakata. Akaomba aonje tena, akaonja, akasema hizi ni sufuria mbili, na kama tunabisha tumwite mpishi mwenyewe.